Kromosomu ya Ziada: Chimbuko la Sindromu ya Down na Huduma Ambazo Mtoto Hapaswi Kuzikosa

Mtoto huzaliwa kwa wakati wake, hulia, na uzito wake huwa wa kuridhisha. Mkunga anapomkausha huona mambo machache yanayomfanya amtazame tena: macho yaliyoinuka kidogo kwenye pembe za nje, shingo fupi yenye ngozi iliyolegea kwa nyuma, mstari mmoja unaokata kiganja kutoka upande hadi upande, na mwili laini kana kwamba misuli haijaamka. Huandika alichokiona kwenye kadi ya mtoto na kumshauri mama amwone daktari.

Mara nyingi, kabla daktari hajaonana na familia, maelezo mengine huwa yamekwishatolewa nyumbani. Mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Mama alitoka nje ya ndoa. Kuna deni la mizimu ambalo ukoo haujalipa. Jirani ametupa jicho. Maneno hayo yana matokeo: ndoa huvunjika, mtoto hufichwa chumba cha ndani, na fedha ambayo ingekuwa nauli ya kwenda hospitali huishia kwa mganga. Wakati huohuo, mtoto anaweza kuwa na tundu katika moyo ambalo hakuna mtu nyumbani anayelijua.

Maelezo hayo yote yana kasoro moja inayofanana, nayo ni ya kalenda. Yanatafuta sababu ndani ya miezi 9 ya ujauzito, ilhali jambo lililosababisha hali ya mtoto lilitokea kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Ili kuliona hilo ni lazima kurudi nyuma hadi kwenye seli.

Seli na doti 23

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya karibu kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi zinazobeba maelekezo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Kila kromosomu imebeba mamia au maelfu ya jeni, na kila jeni ni agizo moja katika maelekezo hayo.

Binadamu ana kromosomu 46. Leo mwanafunzi wa sekondari huitaja idadi hiyo bila kusita, lakini haikupatikana kwa urahisi. Kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi waliamini kwamba kromosomu ni 48, na waliotazama katika hadubini walijitahidi kuziona 48. Mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund nchini Uswidi, walipochapisha hesabu sahihi. Kosa la kuhesabu, basi, si la watu wasiosoma peke yao.

Kromosomu hizo 46 hukaa kwa jozi 23, na mfano wake upo katika kila sanduku la mama wa Kitanzania. Kanga huuzwa kwa doti, na doti moja ni pande mbili. Seli ya binadamu ina doti 23. Katika kila doti, upande mmoja ulitoka kwa mama na upande mwingine ulitoka kwa baba. Mfano huu una upungufu wake, kwa kuwa pande mbili za kanga dukani hufanana kabisa, wakati pande mbili za kromosomu hufanana kwa mpangilio lakini hutofautiana kwa undani. Aidha, doti ya 23 kwa mwanamume ina upande mrefu na upande mfupi, X na Y, na hiyo ndiyo inayomfanya awe mwanamume. Pamoja na upungufu huo, mfano unatosha kwa yale yanayofuata.

Seli hugawanyika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya kila siku: mtoto anaporefuka au kidonda kinapopona, seli hunakili kromosomu zake zote 46, kisha hugawanyika kuwa seli mbili, kila moja ikiwa na 46 kamili. Wataalamu huiita mitosisi. Njia ya pili hutumika mahali pawili tu, katika ovari za mwanamke na korodani za mwanamume, wakati wa kutengeneza yai na mbegu. Hiyo huitwa meiosisi, na lengo lake ni kupunguza idadi kuwa nusu. Laiti yai lingekuwa na 46 na mbegu 46, mtoto angepata 92. Kwa hiyo kila doti hukatwa katikati, na yai hupewa upande mmoja wa kila doti, jumla pande 23. Mbegu nayo huchukua 23. Zikikutana, doti 23 huwa zimekamilika tena.

Doti isiyokatwa

Kazi hiyo ya kukata hufanywa na nyuzi laini ndani ya seli zinazoshika kila upande na kuuvuta kuelekea kwake. Kwa kawaida hufanyika vizuri. Lakini hutokea doti moja ikakataa kuachana, na pande zake mbili zikavutwa pamoja upande mmoja. Yai hilo huondoka likiwa na 24 badala ya 23. Likirutubishwa na mbegu yenye 23, mtoto huanza maisha akiwa na kromosomu 47.

Doti isiyokatwa inapokuwa ni ile ya namba 21, mtoto huwa na pande tatu za kromosomu hiyo, na hali yake huitwa sindromu ya Down. Jina hilo linatokana na John Langdon Down, daktari wa Uingereza aliyeziandika dalili zake mwaka 1866. Yeye hakujua chanzo. Chanzo kilithibitishwa Paris mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, baada ya Gautier kuotesha seli za watoto wenye hali hiyo katika maabara na kromosomu zake kuhesabiwa.

Kromosomu ya 21 ni ndogo kuliko zote, na huenda hiyo ndiyo sababu mtoto mwenye ziada yake huweza kuzaliwa na kuishi miaka mingi. Ziada ya kromosomu kubwa mwili huishindwa mapema. Takribani nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi 3 ya mwanzo hukutwa na kasoro ya idadi au muundo wa kromosomu. Jambo hilo linastahili kusemwa kwa sauti kliniki, kwa sababu wanawake wengi waliopoteza mimba changa bado wanajilaumu kwa ndoo ya maji waliyoibeba siku ile.

Zipo pia kasoro zinazogusa doti ya 23. Msichana anaweza kuzaliwa na X moja tu, hali iitwayo sindromu ya Turner, akawa mfupi na asivunje ungo kwa wakati. Mvulana anaweza kuzaliwa na X mbili na Y moja, sindromu ya Klinefelter, akakua bila dalili kubwa na asijue lolote mpaka atakapooa na kukosa mtoto. Katika jamii ambamo ugumba huhesabiwa kuwa wa mke mpaka ithibitishwe vinginevyo, ni vyema wanandoa wote wawili wapimwe.

Yai lenye umri wa mama

Kwa nini doti ikatae kukatwa? Sehemu kubwa ya jibu ipo katika umri wa yai. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku tangu kubalehe. Mwanamke hatengenezi mayai mapya: mayai yake yote yalianza kuundwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Yalianza safari ya meiosisi, yakasimama katikati, na kila moja hubaki katika hali hiyo ya kusubiri hadi mwezi ambao litapevuka. Yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 20 limesubiri miaka 20. La mwanamke wa miaka 42 limesubiri miaka 42. Kadiri miaka inavyopita, viungo vinavyoshikilia pande za kromosomu hudhoofika, na uwezekano wa kukosea wakati wa kukata huongezeka.

Takwimu zinaonesha hivyo. Kwa mama mwenye miaka 25, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni takribani mmoja kati ya 1,200. Akiwa na miaka 35 ni takribani mmoja kati ya 350, na akifika 40 ni mmoja kati ya 100. Hata hivyo, takwimu hizi zisigeuzwe kuwa fimbo mpya. Watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama wenye umri chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Vilevile, katika visa vichache kromosomu ya ziada hutoka kwenye mbegu ya baba. Hakuna chakula, dawa, kicheko, ugomvi wala safari iliyolifanya yai likosee. Vidonge vya asidi foliki vinavyotolewa kliniki husaidia kuzuia mgongo wazi na ni muhimu sana, lakini havina uwezo wa kukata doti iliyokataa. Kuhusu tuhuma ya kutoka nje ya ndoa, kromosomu ya ziada haisemi lolote juu ya nani ni baba.

Doti isiyokatwa ndiyo chanzo katika takribani watoto 95 kati ya 100 wenye hali hii. Kwa wachache, kipande cha kromosomu ya 21 huwa kimejibandika juu ya kromosomu nyingine, na hapo mmoja wa wazazi anaweza kuwa anaibeba hitilafu hiyo bila kuugua. Kwa wengine wachache zaidi, kosa hutokea katika mgawanyiko wa kawaida siku chache baada ya mimba kutungwa, na mtoto huwa na mchanganyiko wa seli zenye 46 na zenye 47. Dalili za usoni haziwezi kutofautisha aina hizi; kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu ndicho kinachoweza. Kipimo hicho hakifanyiki katika hospitali ya wilaya, na sampuli huchukuliwa kwa maelekezo ya daktari bingwa katika hospitali kubwa za rufaa. Umuhimu wake ni kwa wazazi wanaotaka mtoto mwingine. Iwapo ni doti isiyokatwa, uwezekano wa kujirudia ni mdogo, takribani mmoja kati ya 100, au zaidi kidogo kulingana na umri wa mama. Iwapo ni kipande kilichojibandika na mzazi anakibeba, uwezekano ni mkubwa zaidi, na familia inastahili kuambiwa mapema.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Selimundu, ugonjwa ambao inakadiriwa watoto takribani 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania, si kasoro ya idadi ya kromosomu. Doti zote 23 zipo, ila katika jina la kanga moja herufi moja imekosewa. Mtoto huugua anapopokea upande wenye herufi mbovu kutoka kwa baba na mwingine kutoka kwa mama. Ndiyo maana wachumba wanashauriwa kupima selimundu kabla ya ndoa, na ndiyo maana kipimo hicho hakiwezi kutabiri sindromu ya Down. Vivyo hivyo, sindromu ya Down si mtindio wa ubongo, ambao hutokana na ubongo kuumia au kukua isivyo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Katika madaftari ya vijiji watoto wa makundi haya mawili huandikwa kwa neno moja, “mlemavu wa akili”, na kwa neno hilo hakuna mhudumu anayeweza kujua mtoto yupi anahitaji kupimwa moyo.

Moyo hausubiri

Takribani nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Iliyo maarufu zaidi ni tundu kubwa katikati ya moyo, mahali ambapo kuta zilipaswa kukutana na kuutenga moyo kuwa vyumba vinne. Damu inayotakiwa kwenda mwilini hurudi kupitia tundu hilo na kuingia mapafuni kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kwa majuma ya mwanzo mtoto anaweza kuonekana mzima, na hata kifaa cha kusikilizia mapigo kisitoe sauti ya kutia shaka. Kisha huanza kutoka jasho kichwani anaponyonya, huachia ziwa kabla ya kushiba, huhema haraka, na mstari wa uzito kwenye kadi hulala badala ya kupanda. Nyumbani husemwa kwamba “watoto wa aina hii ndivyo walivyo”.

Kumbe ndani ya mapafu mishipa inakakamaa kwa kupigwa na shinikizo hilo mwezi hadi mwezi. Ikikakamaa kupita kiasi, upasuaji wa kuziba tundu hausaidii tena, na unaweza kumdhuru mtoto. Kwa tundu kubwa la aina hiyo, madaktari hupendelea kufanya upasuaji ndani ya miezi 6 ya kwanza. Miezi hiyo ndiyo ileile ambayo familia nyingi huitumia kuzunguka kwa waganga na kujadili nani alimkosea nani.

Kwa sababu hiyo, kila mtoto anayeshukiwa kuwa na sindromu ya Down anapaswa kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho watumishi wa afya hukiita “eko”, hata kama anaonekana mzima. Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako mzazi huomba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, na kutoka huko mtoto huelekezwa mahali penye kipimo. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Dalili mbili nyingine hazingojei hata rufaa ya kawaida. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani, au ambaye hajapata choo ndani ya siku 2 tangu kuzaliwa, huenda utumbo wake umeziba, na anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo kingine kinachosahaulika ni cha tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi pungufu, ubongo wa mtoto hukosa homoni ya kuukuza, na mtoto ambaye angechelewa kidogo huchelewa sana. Damu hupimwa anapozaliwa, akiwa na miezi 6, akiwa na mwaka mmoja, na baada ya hapo kila mwaka. Ikigundulika, tiba ni kidonge cha kila siku. Masikio na macho navyo hupimwa, kwa kuwa watoto wengi hudhaniwa hawaelewi ilhali hawasikii vizuri. Chanjo hutolewa zote kwa ratiba ya kawaida, pasipo kuruka hata moja, maana homa ya mapafu huwashambulia watoto hawa kwa urahisi.

Kunyonyesha kunawezekana, japo kunahitaji subira. Ulimi na midomo ya mtoto ni dhaifu, hivyo hunyonya kidogo kidogo na mara nyingi, kichwa kikiwa kimeinuliwa na kidevu kikiwa kimeshikiliwa kwa mkono. Maziwa yanayokamuliwa na kutolewa kwa kikombe ni msaada mzuri katika wiki za mwanzo. Mtoto atakaa, atasimama na kutembea, kwa kawaida karibu na miaka 2 au baada yake. Mazoezi ya viungo yaliyoanza mapema huleta tofauti inayoonekana kwa macho.

Yapo mambo ambayo jamii hudhani hayawezekani kwa sababu haijawahi kuyaona. Nchini Marekani, wastani wa umri wa kuishi wa watu wenye sindromu ya Down ulikuwa takribani miaka 25 mwaka 1983. Sasa ni takribani miaka 60. Kromosomu zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mioyo yao ilianza kufanyiwa upasuaji, na wao wakatolewa kwenye vituo vya kuwatenga wakalelewa nyumbani. Shuleni, wengi hujifunza vizuri zaidi kwa kuona na kuiga kuliko kwa kusikiliza maneno marefu, na mwalimu anayelijua hilo hupata mwanafunzi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya elimu sawa na wenzake, na mkuu wa shule hana mamlaka ya kumrudisha nyumbani kwa kuwa “hayuko tayari”. Mzazi anayekataliwa uandikishaji apeleke taarifa kwa Afisa Elimu Kata, au moja kwa moja kwa Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri.

Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Gharama inayobaki kuwa kikwazo ni ya safari na ya kukaa mbali na nyumbani. Familia isiyo na uwezo iende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali ikiwa na kadi ya mtoto, barua ya rufaa na utambulisho wa Mtendaji wa Kijiji, na ifanye hivyo kabla ya kuuza mbuzi au kukodisha shamba. Mtoto aliyekwishavuka mwaka mmoja bila kupimwa naye apelekwe. Kama muda wa upasuaji umepita au haujapita ni uamuzi wa daktari wa moyo, akiwa na majibu ya kipimo mkononi.